Yah: Kuomba Msaada

Bi Hajira binti Mbaruku alikuwa ameosha maiti wa kike wa mtaa wao kwa miaka ishirini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akisimulia alichokikuta chini ya shuka. Wambea wa Kariakoo walishajaribu. Walimletea chai, wakamletea na maneno matamu ya kumlegeza, wakaambulia jibu moja tu: "Marehemu alikuwa msafi." Aliyekufa na vidonda alikuwa msafi. Aliyekutwa ndani baada ya siku mbili, naye alikuwa msafi. Kazi ile haifanywi na mtu mwenye mdomo.

Lakini siku jirani yao Shaibu alipokuja kumwambia kwamba anaufunga uchochoro, mdomo ulimfunguka wenyewe.

"Na mama yangu atapita wapi, Shaibu? Hebu nionyeshe kwa kidole."

Shaibu hakuwa na kidole cha kuonyesha. Nyumba ya marehemu Mzee Mbaruku, nyuma ya Mtaa wa Sikukuu, ilikuwa imebaki nusu. Nusu ya mbele waliiuza baba zake wadogo Hajira siku za mirathi, na sasa ni maduka ya mabegi ya safari yaliyopangwa mpaka darini, hata paka aliyeshiba hapenyi. Nusu ya nyuma, vyumba viwili na ua, ndiyo waliyoachiwa Hajira na mama yake. Mlango wao ni wa uani, na mlango wa uani unatokea uchochoroni. Uchochoro wenyewe ni mwembamba. Wanaume wanne wakibeba jeneza inabidi wabane viwiko, ila wanapita.

Bi Chiku, mama yake Hajira, ana miaka themanini na minne na miguu imegoma. Kila siku ya kliniki Upanga anakalishwa kwenye kiti cha plastiki, vijana wawili wa mtaani wanambeba mpaka barabarani, bajaji inamsubiri. Uchochoro ukifungwa, bibi huyo hatoki. Hatoki kwenda hospitali, na siku ikifika ya kutoka moja kwa moja, hatoki vilevile.

"Dada Hajira, usinione mbaya," Shaibu alisema, na kwa kweli hakuwa mbaya. Kila Idd ya Kuchinja alikuwa haachi kuwaletea paja la mbuzi. Nyumba ambayo marehemu baba yake, Mzee Kitwana, aliinunua baada ya miaka mingi ya kupanga, ng'ambo ya uchochoro, Shaibu alishaivunja, na sasa alikuwa anapandisha ghorofa, kama Kariakoo nzima inavyopandisha. "Nguzo tatu zinaangukia humu ndani. Mhandisi kanionyesha ramani. Hakuna njia hapa. Viwanja vimegusana mgongo kwa mgongo."

"Njia ipo. Wewe mwenyewe umekulia humu, ulikuwa unakimbiza tairi."

"Nimekulia, ndiyo. Lakini kwenye karatasi haipo."

"Karatasi ipo. Mama anasema watu walipiga dole gumba."

Shaibu aliinua mikono. "Basi ilete, dada yangu. Ukiniletea karatasi ya serikali inayosema hii ni njia, nguzo narudisha upande wangu, hata ikibidi jengo lipungue. Nangoja mpaka Idd ya Kuchinja ipite. Zaidi ya hapo mkandarasi hanielewi."

Idd ilikuwa bado miezi miwili na nusu.

Hajira aliingia ndani. Bi Chiku alikuwa amelala ubavu, anavuta tasbihi, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

"Nimesikia," alisema. "Karatasi ipo. Baba yako aliiandika kwa mkono wake, mwaka sitini na tisa. Wote wakapiga dole."

"Na nakala yake?"

"Ilikuwa kwenye sanduku kwa shangazi yako Jangwani. Likaenda na mafuriko, na sanduku na karatasi na kanga zangu za harusi."

"Waliandika nini humo, mama?"

"Waliandika njia."

"Kwa sababu gani?"

Bi Chiku akageukia ukutani. "Kwa sababu watu wanataka kupita. Wewe mtoto una maswali."

Hajira aliijua sauti ile mahali, ila hakukumbuka wapi. Alikuwa na mambo mengi kichwani.

Kesho yake alikwenda kwa Beno. Beno alikuwa mtu wa Newala, mvi zilimwahi, na chini ya ngazi za jengo moja Mtaa wa Msimbazi alikuwa na kompyuta, printa na mashine ya kopi. Alishaandika barua za kuomba kazi, za kuomba talaka na za kuomba radhi, na watu walisema mkono wake una bahati. Alimsikiliza Hajira mpaka mwisho, akapiga anwani, akapiga husika na kichwa cha habari hapo juu, kisha akasimama.

"Yah?"

"Yah nini?"

"Yahusu. Yah ndiyo barua, mama yangu. Wakubwa wana kazi nyingi, huko chini wanafika kwa kubahatisha. Anasoma Yah, anaandika pembeni iende kwa nani, imetoka hiyo. Sasa sisi tunataka nini?"

Hajira alifikiri. "Tunataka watusaidie ile karatasi."

"Watusaidie. Kwa hiyo ni msaada."

"Ni msaada."

Beno akaandika kwa herufi kubwa, akazikoleza, akazipigia mstari: YAH: KUOMBA MSAADA. Wote wawili waliitazama wakaridhika. Chini yake akamwaga heshima na taadhima, akaeleza habari za bibi kizee asiyeweza kutembea na binti yake mjane, akamwombea mkubwa afya njema, na mwishoni kabisa, kwa sababu ukurasa ulikuwa unaisha, akagusia uchochoro. Ilikuwa barua nzuri. Hajira alipoisikia akisomewa, machozi yalimlenga, akajionea huruma mwenyewe.

Aliipeleka ofisini, ikagongwa mhuri wa kupokelewa. Nakala aliiweka kwenye sanduku lake la kazi, pamoja na pamba na kafuri, mahali asipothubutu mtu kugusa.

Wiki ya tatu, asubuhi, mtu alipiga hodi uani. Alikuwa dada wa makamo ya thelathini na kitu, kashika faili na futi ya kupimia.

"Shikamoo mama. Naitwa Leticia, natoka Ustawi wa Jamii. Nimekuja kukagua kaya. Mlengwa ni bibi huyu?"

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

"Mlengwa?" Bi Chiku aliuliza kutoka kitandani. "Nani kanilenga?"

Leticia alicheka, akaketi, akaanza kuuliza. Wanakula mara ngapi. Choo kipo. Nani anawatunza. Hajira alijibu yote kwa adabu, akifikiri labda serikalini karatasi za zamani hutafutwa kwa mtindo huo. Ilipofika kwenye swali la magodoro, akashindwa kuvumilia.

"Samahani, mwanangu. Na uchochoro je?"

"Uchochoro gani?"

Wakatazamana. Leticia akafungua faili, akaitoa barua, safari hii akaisoma mpaka chini. Akafika mwisho, akarudi juu kwenye Yah, akashika paji la uso.

"Nisamehe, mama. Mimi nilisoma Yah na aya ya kwanza. Mkubwa naye alisoma Yah, akaniandikia mimi." Akaiweka barua mapajani. "Lakini wewe hapa hukuomba msaada. Umeomba kuiona karatasi iliyoko ofisini."

"Si ndiyo msaada wenyewe?"

"Hapana. Msaada naweza kukupa na naweza kukunyima. Hii ni taarifa, na taarifa ni haki yako. Ipo sheria. Mwananchi akiandika kuomba taarifa, ofisi ina siku thelathini za kumjibu. Wakikunyima, wakwambie sababu, kwa maandishi."

Hajira alimwomba arudie. Leticia akarudia polepole.

"Yaani serikali," Bi Chiku alisema, akijiinua kwa kiwiko, "ipewe siku na Hajira?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi mimi nimewahi mno kuzaliwa."

Leticia alikaa nao karibu saa nzima akimfundisha Hajira namna ya kuiandika upya: usijieleze umaskini, usimwombee mtu afya, taja karatasi, taja mwaka, taja majina, weka namba ya simu. Alipomaliza, akasimama akaikunjua ile futi. "Kwa kuwa nimeshafika," alisema, akampima Bi Chiku nyonga na mapaja kwa ajili ya kiti cha magurudumu. Hajira alimsindikiza mpaka mwisho wa uchochoro. Alimshika tu mkono kwa mikono yake miwili, akakawia kuuachia.

Beno aliposikia aliumia kidogo. "Miaka kumi na tano naandika barua za watu," alinung'unika, lakini akapiga alivyoambiwa: YAH: MAOMBI YA TAARIFA KUHUSU NJIA YA WATEMBEA KWA MIGUU, MWAKA 1969. Barua ilikuwa fupi, kavu, haina hata taadhima moja. Hajira aliiona kama haina nguo. Akaipeleka hivyo hivyo.

Siku ya ishirini na sita jibu likaja, na lilikuwa jibu la heshima. Lilisema kwamba, kufuatia maombi yake, ofisi imepekua majalada ya viwanja na ramani za eneo husika kwa mwaka aliotaja na miwili ya mbele na nyuma, na kwamba kumbukumbu hizo hazikupatikana.

Hajira alilisoma akiwa amesimama, akalisoma tena akiwa amekaa kizingitini. Mdomoni mwa uchochoro Shaibu alishamwaga mchanga na kulaza nondo. Idd ilikuwa bado wiki tatu. Aliwaza atampitisha mama yake wapi, akawaza dirisha, akawaza paa, akajikuta analia, na mwosha maiti kulia si jambo la kila siku.

Akiwa hapo hapo, akakumbuka kwamba bado hajamshukuru Leticia.

Mtu mwingine angesema nimshukuru kwa lipi. Lakini Hajira alilelewa na Bi Chiku, na kwa Bi Chiku mtu aliyekuhangaikia unamshukuru kwa kuhangaika kwake, ukipata usipate. Alifuta uso, akakanda unga, akakaanga visheti, akavimiminia shira ya iliki. Asubuhi akavaa baibui la kutokea, akafunika bakuli kwa kitambaa, akaenda.

Leticia alikuwa na foleni ya watu mlangoni. Alipomwona Hajira na bakuli alifurahi, na alipoona ile barua ya majibu furaha ikamtoka.

"Pole, mama yangu. Wametafuta kweli, si kwamba wamekutupa."

"Najua. Mimi nimekuja kusema asante. Umenipa siku thelathini za serikali, hakuna aliyewahi kunipa hata moja."

Leticia alichukua kisheti, akatafuna akiitazama barua. Akasoma tena kwa sauti ndogo: "Majalada ya viwanja na ramani..." Akaacha kutafuna.

"Mama. Ile barua ya zamani aliandika nani?"

"Baba. Alisoma kidogo ngumbaru, madarasa ya watu wazima, alikuwa anajivunia mwandiko wake."

"Na kwenye Yah, unadhani aliandika nini?"

Hajira alifungua mdomo kusema hajui. Kisha akakumbuka yuko darasa la nne, baba yake kamshikisha kalamu, wanamwandikia mwalimu mkuu kuhusu sare. Baba akamwambia, kwa serikali, mwanangu, hata ukiipa ng'ombe, anza na kuomba msaada.

Akamtazama Leticia. Leticia naye alikuwa anamtazama.

"Haiwezekani," alisema Hajira.

"Njoo," alisema Leticia, akaiacha foleni yake ikiguna.

Masjala ilikuwa chini kabisa ya jengo, chumba kirefu chenye harufu ya karatasi za zamani na dawa ya mende. Mwenye chumba alikuwa Bi Euphrasia, mama mnene mwenye miwani ya kamba, kabakiza mwaka mmoja kustaafu.

"Misaada ya mwaka sitini na tisa?" alishangaa. "Hayo hayajaguswa na mtu tangu nije hapa. Walioomba humo walishasaidiwa au walishakufa."

"Mmojawapo ni baba yangu," alisema Hajira.

Bi Euphrasia alimtazama juu ya miwani. Alivuta ngazi, akapanda yeye mwenyewe, akashusha jalada moja, la pili, la tatu. Jalada la tatu lilikuwa limevimba kama mkate uliolowa. Walianza kufunua wote watatu, karatasi moja moja. Watu walikuwa wameomba mabati, walikuwa wameomba kuzikiwa ndugu, mmoja alikuwa ameomba serikali imrudishie mke. Karatasi ya arobaini na moja, Hajira akauona mwandiko. Herufi ya Y ilikuwa na mkia mrefu, kama alivyomfundisha yeye.

YAH: KUOMBA MSAADA.

Leticia alipiga kofi moja, akajiziba mdomo. Bi Euphrasia alicheka mpaka akavua miwani. Hajira alicheka nao, kisha akaanza kusoma, na kicheko kikakatika.

"Bwana Mkubwa wa Mji," baba yake alikuwa ameandika, "sisi tuliotia madole gumba hapa chini, wenye nyumba saba zilizopeana mgongo, twakuamkia. Bwana, mwezi uliopita amefariki Bi Tatu, mama yake Kitwana, mpangaji wa banda la uani. Mwenye nyumba ya mbele alikuwa amesafiri Rufiji na ufunguo, na kuta za ua zimezunguka pande zote. Hatukuwa na pa kumtolea maiti. Tulimpitisha juu ya ukuta. Ukuta ule una vipande vya chupa, sanda ikanasa, ikachanika, na watu wakaona. Bwana, jambo hili limetuuma sana. Kwa hiyo kila nyumba imetoa futi mbili za nyuma ya ua wake. Mwenye nyumba aliyesafiri amerudi, amelia, naye ametoa tatu. Kitwana hana kiwanja, ametoa nguvu zake, ndiye aliyezivunja kuta zote. Twaomba msaada wako, uiandike njia hii katika vitabu vya Serikali, ili maiti wa mtu asipitishwe tena juu ya ukuta, na wajukuu wetu wasije wakaifunga kwa kutojua."

Chini yake madole manane ya wino wa buluu, na dole la nane, la Kitwana, lilikuwa limegandamizwa kwa nguvu mpaka wino ukamwagika pembeni. Na chini ya madole, kwa mwandiko wa ofisini: "Hawa hawaombi kitu, wametoa. Imekubaliwa. Njia iwe wazi kwa wote. Iingizwe katika ramani." Kulikuwa na sahihi, mhuri na tarehe. Kisha mkono mwingine, uliosoma Yah peke yake, ukaandika pembeni: "Jalada la Misaada."

Kwa hiyo ramani haikupata habari mpaka leo.

Hajira alijikuta ameweka kiganja juu ya aya ile ya ukuta, ameifunika, kama anavyovuta shuka mtu akichungulia mlangoni. Bi Tatu alikuwa mama yake Mzee Kitwana. Bi Tatu alikuwa bibi yake Shaibu.

"Mwanangu," alimwambia Bi Euphrasia kwa sauti ya chini, ingawa walilingana umri, "nakala yangu haiwezi kutoka bila maneno haya?"

"Nakala ya serikali haikatwi, mama. Inatoka yote au haitoki." Akaitazama ile aya, akaelewa. "Mimi nimeona vitu vingi humu ndani. Sijawahi kumsimulia mtu."

"Basi wewe na mimi kazi yetu moja," alisema Hajira.

Alipewa nakala mchana uleule, imegongwa mhuri wa kuthibitishwa. Alimshukuru Bi Euphrasia, akamshukuru Leticia, akamshukuru mlinzi wa getini ambaye hakuwa amefanya lolote. Njiani kurudi, katikati ya mikokoteni na wapiga debe wa viatu, alikuwa anatembea na bahasha kifuani huku anamshukuru baba yake kwa jina, kwa sauti, na watu wakampisha wakidhani ana yake kichwani.

Bi Chiku aliposikia "Bi Tatu", aliacha tasbihi.

"Kwa hiyo yameandikwa."

"Ulijua, mama. Ulikuwa unajua tangu siku Shaibu anakuja. Ungemwambia neno moja tu yangekwisha."

"Niliyeshika kata ya maji siku ile ni mimi," alisema Bi Chiku. "Nilikuwa bado kijana, niliwamwagia waosha wakubwa. Nilikuwepo uani waliponyanyua, na nilikuwepo iliponasa." Akavuta shuka lake mpaka kidevuni. "Bibi yake Shaibu alikuwa msafi."

Hapo ndipo Hajira akaikumbuka sauti ile ya kugeukia ukutani. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Mama yake alikuwa tayari kufungiwa ndani mpaka kufa, kuliko kumwambia mtu kwamba bibi yake alionwa. Hajira alipiga magoti pembeni ya kitanda akaishika ile miguu isiyotembea, akaibusu, na Bi Chiku akamwambia aache upuuzi, chai iko wapi.

Karatasi hiyo angeweza kuipeleka serikali ya mtaa, ikasomwa mbele ya mwenyekiti, mkandarasi na wapita njia. Ilikuwa haki yake, Leticia alimwambia hivyo. Badala yake alimngoja Shaibu atoke sala ya alasiri, akamwita uani, akafunga mlango, akampa bahasha, akaenda kuchochea moto usiohitaji kuchochewa.

Shaibu alisoma akiwa amesimama. Akasogea kwenye mwanga. Alipofika kwenye madole gumba, alilitafuta la mwisho, akaligusa kwa kidole chake mwenyewe, akaketi chini kwenye sakafu na suruali yake nzuri.

"Baba hakuwahi kuniambia."

"Hakuna aliyesema."

"Nani ameiona?"

"Mimi, mama, na wawili wa ofisini. Wana midomo mizuri."

Aliinuka, akavua viatu, akaingia kwa Bi Chiku, akapiga goti kando ya kitanda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Kwa nini hukuniambia? Siku ile ile nisingemwaga hata toroli moja la mchanga."

"Ningekwambia, ungekuwa unaifikiria kila ukipita hapo," alisema Bi Chiku. "Njia ni ya kupita, siyo ya kufikiria."

Shaibu alilia kama mtu mzima anavyolia akiwa hana pa kujificha. Hajira, huku nje, alisikia na hakusikia. Kesho yake asubuhi mchanga ulizolewa. Nguzo zilirudi upande wa ghorofa, na vyumba vitatu vya chini vikawa vyembamba, mhandisi akalalamika mpaka akachoka. Shaibu mwenyewe alitoa kopi ya ule mwandiko wa mkubwa, maneno ya "imekubaliwa" tu, na yeye na Hajira wakaandika pamoja kwenda ofisini kuomba njia iingie kwenye ramani, safari hii Yah ikiwa imenyooka.

Kiti cha magurudumu kilifika wiki ya Idd. Siku ya kliniki iliyofuata, Shaibu alikataa vijana wasimguse bibi, akakisukuma yeye. Kiti kilipita uchochoroni kwa kubana kama jeneza linavyobana, ila kilipita. Bi Chiku alikuwa amejifunga kanga mpya, mikono juu ya mapaja, akiamkia kila mlango.

"Polepole," alimwambia Shaibu. "Mara hii natoka nikiwa naona, ile ya jeneza sitaona."

Jioni yake Hajira alirudi kwa Beno. Beno alifuta kiti, akafungua ukurasa mpya, akapiga anwani, akapiga husika na kichwa cha habari hapo juu.

"Tunasemaje, mama?"

"Tunashukuru. Mtaje Leticia, mtaje Bi Euphrasia. Sema wenye nyumba saba na mpangaji mmoja wanashukuru, waliomo na wasiokuwepo. Sema njia tumeipata, na mama yangu amepita leo."

Beno alipiga yote kwa ustadi, na taadhima alizirudisha zote, Hajira hakumzuia. Kisha akapanda juu, akasimama na vidole hewani.

"Sasa Yah hapa ni Shukrani. Ila mama, nikwambie ukweli, miaka kumi na tano sijawahi kuandika barua ya shukrani kwenda serikalini. Sijui hata faili lake kama wanalo. Wataiweka wapi?"

Hajira aliliwaza jalada lililovimba, na mkia mrefu wa Y ya baba yake, na wajukuu wa wajukuu watakaokuja siku moja kuitafuta karatasi yao bila kujua pa kuanzia.

"Andika Kuomba Msaada," alisema. "Wataitafuta huko."